Nani Anaanza Kusema

Kwenye sherehe za kwetu, mgeni rasmi akishika maikrofoni, sentensi yake ya kwanza unaijua kabla hajafungua kinywa: itifaki imezingatiwa. Maana yake, nimewaona wote, kuanzia mkuu wa wilaya hadi mwenyekiti wa mtaa, naomba nisiwataje mmoja mmoja, twende kwenye hoja. Tunapiga makofi, maisha yanaendelea. Neno hilohilo, itifaki, ndilo tunalolitumia kwa kanuni ambazo chipu za elektroniki hufuata zinapozungumza. Ila kule hakuna njia ya mkato. Itifaki isipozingatiwa, biti kwa biti, hakuna kinachosikika.

Nafundisha elektroniki jioni, Temeke, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Wanafunzi wangu ni vijana kumi na mmoja. Wengi mchana wanatengeneza simu na redio, mikono yao ina kasi kuliko yangu. Nafundisha kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha wanayofikiria wakiwa wameshika kishika moto cha kulehemu, na mwaka jana nikaanza kuwaandikia vitini. Nilidhani kitakachonisumbua ni hesabu. Kumbe ni maneno mawili.

Tuanze na mazungumzo mepesi kuliko yote. Chipu mbili, kila moja ina mguu wa kusemea na mguu wa kusikilizia. Nyaya zinapishana: mdomo wa huyu unaingia kwenye sikio la yule. Fundi mgeni huunganisha mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio, halafu anakaa saa nzima akishangaa kimya. Biti zinapita moja moja, kwa foleni, kama watu kwenye mlango mwembamba. Ndiyo maana ya mawasiliano ya mfululizo. Mafundi wanauita mfumo huu UART.

Katika UART hakuna waya wa kugonga mapigo, kwa hiyo wasemaji lazima wakubaliane mwendo kabla hata ya salamu. Mwendo uliozoeleka ni biti 9,600 kwa sekunde. Mwingine ni 115,200. Mmoja akisema kwa mwendo wa kwanza na mwenzake akasikiliza kwa mwendo wa pili, sauti inafika, ila skrini inajaa viulizio na visanduku. Hakuna aliyesema uongo na hakuna kiziwi, ni mwendo tu haukuafikiwa. Msomaji aliyewahi kubishana na mzazi wake kwa simu anajua ninachosema.

Lakini UART ni ya watu wawili, na kifaa cha kweli kina chipu nyingi. Ukitaka kila moja iongee na kila moja kwa nyaya zake, ndani ya boksi kutakuwa na msitu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikutana na tatizo hilo kwenye televisheni, na mwaka 1982 ikaja na jibu: nyaya mbili tu, chipu zote zining'inie hapohapo. Mmoja wa mapigo, mmoja wa maneno. Wakauita I2C. Njia ya pamoja ya namna hii inaitwa basi, neno lilelile la daladala, na asili yake ni ileile: Kilatini, "kwa wote". Nilipolitamka darasani, kijana mmoja akauliza kama linapitia Mbagala.

Sasa angalia linavyofanya kazi, maana hapa ndipo kisa changu kilipo. Nyaya zote mbili zinashikwa juu na resista, tuseme ya oms 4,700. Hakuna chipu yenye uwezo wa kuusukuma waya kwenda juu. Kila moja inaweza tu kuuvuta chini au kuuachia. Kwa hiyo kimya ni waya ulio juu, na kusema ni kuuvuta. Chipu moja ndiyo inayoanzisha kila kitu. Inavuta waya wa maneno wakati ule wa mapigo uko juu, na hapo wote wanajua kuna jambo. Kisha inataja anwani, biti saba, kwa sauti ya kusikika basi zima. Biti saba zinatoa anwani 128, na 16 kati yake zimetengwa kwa shughuli maalumu. Inafuata biti ya nane ya kusema "nataka nikupe" au "nataka unipe". Halafu, kwenye pigo la tisa, mwitaji anauachia waya na kusubiri.

Pigo hilo la tisa ni la mwitwa. Kama yupo, anauvuta waya chini kwa muda wa pigo moja. Hajasema jambo lolote bado. Amesema tu: nipo, nimesikia. Vitabu vya Kiingereza vina kifupisho chao. Mimi kwenye kitini niliandika "abee", na darasa likaelewa bila swali. Kila mtoto wa kike aliyelelewa pwani ameitwa jina lake kutoka uani na akajibu abee kabla hajajua anaitiwa nini. Wa kiume akajibu naam. Usipojibu, jina linaitwa tena, kwa ukali zaidi. Chipu nayo isipoitika, waya unabaki juu, na mwitaji anajua ameita nyumba tupu.

Chipu inayoita, vitabu viliita "master". Zinazoitwa, "slave". Kwenye kitini changu cha kwanza nilitafsiri nilivyoona: bwana na mtumwa.

Kuna binti mmoja darasani, mtu wa Bagamoyo, asiyeongea sana. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa umeandika mtumwa."

"Ndiyo. Ndivyo vitabu vinavyosema."

"Vitabu vya nani?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwao neno hilo halijafa, bado linatoka kwenye ugomvi wa mashamba, na babu yake alinyimwa mchumba kwa sababu yake. "Wewe umeliweka kwenye mchoro, na mshale."

Nikamjibu kama wanavyojibu walimu waliobanwa. Nikasema ni istilahi tu, haina maana hiyo. Akasema sawa mwalimu, akaandika. Nikarudi nyumbani na ile "sawa mwalimu" imenikaa kifuani.

Kwa Kiingereza neno hilo linaweza kujificha. Mhandisi wa Eindhoven pengine hakupita hata siku moja mahali ambapo mtu aliuzwa. Sisi tunapita. Kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini, Unguja, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Huku bara, Tanganyika, utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922 tu. Mtu aliyezaliwa mwaka huo angeweza kabisa kuwa bibi yangu. Na lugha yetu ilikuwa na maneno ya kila aina: mtwana wa kiume, mjakazi wa kike, mzalia aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Tena lipo mjoli, ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa asimsamehe mwenzake deni dogo. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mnayetumikia bwana mmoja. Chipu mbili zinazoitwa kwenye basi la I2C ni wajoli hasa: zimeshika waya uleule, zinasikia kila neno, lakini haziwezi kusemeshana. Ya huyu yatamfikia yule kwa kupitia kwa bwana.

Tena tazama neno lenyewe. Mtumwa ni aliyetumwa. Kitenzi ni kutuma, cha kila siku, mama anamtuma mtoto dukani. Humo ametoka mtumishi, na ametoka mtume. Wote wametumwa, tofauti ni nani amewatuma, na kama wana ruhusa ya kurudi na kusema neno lao.

Wenye neno la Kiingereza nao wameanza kuhangaika. Mwaka 2003, Kaunti ya Los Angeles kule Marekani iliwaomba wauzaji wa vifaa waache kubandika maneno hayo kwenye mitambo inayouziwa kaunti, na wengi wakaifanya kichekesho. Lakini mwaka 2021 kampuni ya NXP, iliyorithi biashara ya chipu ya Philips, ilitoa toleo jipya la mwongozo wa I2C na kuyaondoa. Bwana akawa mdhibiti, mtumwa akawa mlengwa. Nilipoligundua hilo nilifurahi, nikaona nimepata pa kutokea. Nikaandika kitini upya: mwitaji na mwitwa. Maneno mazuri, ya kwetu, hayamuumizi mtu. Nikajipongeza.

Wiki iliyofuata somo lilikuwa mgongano wa anwani.

Ipo moduli ya saa inayopendwa sana na wanafunzi, DS3231. Inatunza muda hata umeme ukikatika, kwa betri ndogo ya kidonge. Anwani yake ni 104, ambayo mafundi huiandika 0x68, na haibadilishiki. Ipo sensa ya mwendo, MPU6050, inayojua kama kifaa kimeinamishwa au kimetikiswa. Ikitoka dukani, anwani yake nayo ni 104. Ziweke zote mbili kwenye basi moja, uite 104. Zote mbili zinavuta waya: abee! Mwitaji hajui kama wameitika wawili, anasikia mwitiko mmoja tu. Anaomba saa, zote mbili zinajibu kwa pamoja, na kwa kuwa anayevuta chini humshinda anayeachia, kinachofika ni mchanganyiko wa saa na mtikisiko. Wanafunzi walipata saa isiyo sahihi kabisa. Tulicheka sana.

Dawa ni ndogo. MPU6050 ina mguu mmoja ambao ukiuunganisha na umeme, anwani inakuwa 105. Kwa hiyo mmoja anahama, mwingine anabaki na namba.

Nilikuwa naeleza hilo, nimeshika chaki, nikasikia sauti ya mama yangu, Tanga, miaka thelathini na zaidi iliyopita, akiita kutoka sebuleni: "Dada!" Na sauti mbili zikiitika kutoka uani kwa pamoja.

Nyumbani kwetu dada walikuwa wawili. Mmoja ni dada yangu mkubwa, tumbo moja. Mwingine ni dada wa kazi. Alikuja nikiwa na miaka kama minne, yeye hajafika ishirini, na akakaa hadi nikamaliza la tano. Alinipikia na kuniogesha. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa ya mishale, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uani. Mama akiita "dada", wanakimbia wote wawili, na mama anachoka: "Si wewe, yule mwingine." Baadaye akapata dawa. Dada yangu wa damu akaanza kuitwa kwa jina lake. Dada wa kazi akabaki kuwa Dada. Yaani mmoja alihamishwa akapewa jina. Mwingine akabaki na anwani.

Nikasimama pale mbele ya ubao nikagundua jina lake silijui.

Jioni nikampigia mama. Baada ya salamu na habari za miguu yake, nikamuuliza, yule dada aliyetulea aliitwa nani? Mama akasema, "Si Dada?" Halafu akanyamaza. Nikamsikia akitafuta. "Alikuwa mtu wa Lushoto," akasema. "Mzuri, mkimya. Hakuwahi kunijibu vibaya." Nikamuuliza kama aliwahi kusema jambo bila kuulizwa. Mama akaniuliza ninaumwa nini.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomkera yule binti wa Bagamoyo, na kwa nini kitini changu kipya kilikuwa kimerukwa na kitu. Sisi nyumbani tulifanya marekebisho yetu zamani sana, kabla ya NXP. Tuliacha kusema mjakazi, hata mtumishi tukaliona zito; tukachukua neno la undugu, tamu kuliko yote, tukambandika mtu. Nyaya hatukuzigusa. Bado aliitwa yeye, hakuita. Alijibu kwa muda wa pigo moja, akaleta alichoombwa, waya ukarudi juu. Na lile neno tamu lilitusaidia tusione. Mwitwa, mlengwa, dada: ukibadilisha jina na ukaacha mchoro ulivyo, umebadilisha lebo tu. Sisemi lebo hazina uzito; babu wa binti yule anajua uzito wake. Nasema kazi haiishii pale.

Nikaanza kuutazama mchoro wenyewe, na mambo mawili yakanivuta.

La kwanza ni hili. Katika I2C anayegonga mapigo ni mwitaji. Yeye ndiye saa ya nyumba. Lakini itifaki inampa mwitwa ruhusa moja ya ajabu. Akizidiwa, hajawa tayari na jibu, anaweza kuushika waya wa mapigo chini na asiuachie. Mwitaji akitaka kupandisha pigo linalofuata, anakuta waya haupandi. Ana nguvu zote, lakini hawezi kuusukuma juu. Kumbuka, hakuna anayeweza. Inabidi asubiri, na basi zima linasubiri naye. Nilipoeleza hili darasani, kijana mmoja akauliza, "Yaani mdogo anamsimamisha mkubwa?" Nikamwambia ndiyo, na si ukaidi, imeandikwa.

Nikakumbuka siku moja. Wageni wapo sebuleni, mama anaita, Dada yuko jikoni anapindua chapati. Mama akaita tena. Na Dada, yule asiyejibu vibaya, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Subiri, mama, hii itaungua." Nyumba nzima ikatulia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikatazama uso wa mama. Hakufanya kitu. Alisubiri. Chapati ikatoka. Ni sentensi pekee ya Dada ninayoikumbuka neno kwa neno.

La pili ni mguu ambao wanafunzi huuacha unaning'inia. Ile saa ya DS3231 ina mguu mwingine, nje ya basi, wa kupiga kelele. Ukiiwekea kengele, muda ukifika inauvuta mguu huo yenyewe, bila kuitwa. Sensa ya mwendo nayo inao. Ni waya wa tatu, na kazi yake moja: kumwezesha anayeitwa kusema, nina jambo. Bado ataitwa ndipo aeleze, lakini aliyeanza ni yeye. Inahitaji waya mmoja wa ziada, na mtu aliyekaa akafikiria kwamba huyu mdogo anaweza kuwa na la kusema.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitangaza mwaka 1986, kule Detroit, njia ya kuunganisha vifaa ndani ya gari, CAN, na leo ni vigumu kupata gari barabarani lisilo nayo. Humo hakuna mwitaji maalumu. Yeyote mwenye jambo anaanza, waya ukiwa kimya. Wawili wakianza pamoja, kila mmoja anasikiliza huku anasema. Kila ujumbe unatanguliwa na namba, na sifuri hulifunika moja. Ukisema moja ukasikia sifuri, ujue yupo mwenye jambo la haraka kuliko lako, unanyamaza. Mwenzako hajui hata kama mligongana, ujumbe wake unafika mzima. Ukimya ukirudi, unaanza tena. Niliwaambia vijana ni kama baraza lenye adabu. Binti wa Bagamoyo akatazama mchoro kwa muda. "Kwa hiyo hakuna bwana," akasema, "ila kuna waliopewa namba ndogo." Ni kweli. Namba hutolewa na aliyeunda gari, na breki zitatangulia mbele ya redio kila siku. Sikuwa na la kuongeza. Nikamwomba anisaidie kuandika kitini cha tatu, na sasa ukurasa wa istilahi ni wake. Mtumwa ameliacha, kwenye maelezo ya historia, na mwaka 1922 pembeni. Lisifutwe, alisema, ila lisichorewe mshale.

Jina la Dada nilikuja kulipata kwa dada yangu wa damu. Hakufikiri hata sekunde. Walikuwa wakilala chumba kimoja, miaka yote ile, na usiku taa ikizimwa walikuwa wakiongea. Mimi na mama hatukujua. "Tunaongea mpaka sasa," akasema. "Ana wajukuu wawili." Akanitumia namba.

Jina siliandiki hapa, kwa sababu sijamwomba ruhusa. Nilikaa na namba ile siku tatu. Nilikuwa nikijiuliza nitaanzaje, mimi niliyekuwa nikiita na kuletewa, bila kuita tena. Hakuna namna nyingine, simu lazima mmoja apige. Jumapili saa kumi jioni nikapiga.

Ikaita mara nne.

"Abee?"

Nikajitambulisha, jina langu na jina la mama na mtaa. Nikalitaja jina lake. Kimya kidogo. Halafu akacheka, kicheko kilekile cha uani, akasema, "Subiri, mwanangu. Nina chungu motoni."

Akaiweka simu mezani. Nikasikia mfuniko, nikasikia maji, mtoto akiuliza ni nani huyo. Nikasubiri.